Kilomita za Jumatano

16 Februari

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa pekee,

Salamu nyingi, nyingi mpaka bahasha imeniambia basi. Sisi huku wazima. Mgongo wa mama yako umepungua kuuma tangu alipopata mtu wa kumsimulia, na mtu huyo ni mimi. Yadi yangu ya matairi inakwenda. Wiki iliyopita niliziba tairi la gari la mkubwa fulani, akashuka mwenyewe kunishukuru, nami nikampa mkono wenye grisi ili anikumbuke.

Sasa nieleze. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye mjomba wako. Nimeendesha lori nchi sita, nimelala chini ya ekseli, nimebishana kwenye mizani kwa lugha ambazo mwenyewe sikuzielewa, na kila nilikopita nilijisifu kwamba nina mpwa mshonaji katika kiwanda cha sare, pindo lake halijawahi kwenda kombo. Kumbe mpwa mwenyewe anajiandaa kukimbia kilomita arobaini na mbili, na mimi nasikia wa mwisho, kama mwenye nyumba anayeambiwa na wapita njia kwamba paa lake linaungua.

Mama yako alinipa habari hiyo huku analia, nikadhani umefungwa. Jumapili tukiwa mezani, kaka yako karani akafuta mdomo, akasema, "Nusu? Nusu ataishia kilomita ya ishirini na moja. Shule aliacha katikati, kozi ya upishi katikati, ndoa katikati. Jina ni jina." Meza nzima ikacheka. Hata mama yako alicheka, na machozi bado yako shavuni. Nikagonga meza, chai ikamwagikia shati la karani. Nikasema atamaliza, na atakayecheka tena atamalizia chai yake nje.

Kwa hiyo ujue nimeshasema. Niandikie ni nani anayekufundisha, anakufundisha nini, na kwa nini sikuulizwa mimi, mtu wa masafa. Usipige simu. Kwenye simu mama yako huleta sikio lake karibu na langu, tukagawana kila neno. Dereva wangu wa mizigo hupita huko kila baada ya majuma mawili. Atakuletea, atachukua.

Ni mimi mjomba wako niliyepitwa,
Dizeli

3 Machi

Mjomba Dizeli, shikamoo.

Barua imefika na alama ya kidole cha grisi, kwa hiyo sikuhitaji kusoma jina. Mimi mzima. Chumba ni kilekile, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Kiwandani tunashona ovaroli za hospitali, mia mbili kwa siku kwa kila mstari wa cherehani. Mpe mama pole ya mgongo, na mwambie kukimbia si kosa la jinai.

Halafu mwambie kaka karani hivi, neno kwa neno. Shule sikuiacha. Baba alipofariki ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani, na aliyebaki si yeye. Kozi ya upishi ilifungwa na mwalimu wake, akaondoka na sufuria zetu. Na ndoa nilitoka mwenyewe, kwa miguu yangu, tena mbio, kwa hiyo mazoezi nimeyaanza zamani.

Ukweli ni huu, mjomba. Nina miaka thelathini na tisa na sijawahi kuona mwisho wa kitu nilichokianza kwa kupenda. Kiwanda chetu kina klabu ya kukimbia. Mbio ziko mara mbili kwa mwaka, Septemba na Aprili, na kila mara klabu hupewa nafasi tano tu. Mwezi wa saba kutakuwa na jaribio la kilomita thelathini, na watano wa Septemba watatoka humo. Nataka kuwa mmoja wao, halafu nataka kuvuka ule mstari. Sihitaji kumshinda mtu.

Anayetufundisha ni mkunga mstaafu wa zahanati ya kiwanda. Ana miaka sitini na tatu na filimbi shingoni. Kila Jumapili tuna mbio moja ndefu, na ndefu hiyo inakua kidogo kidogo. Kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita, halafu wiki ya nne tunashuka hadi kumi na moja ili mwili upumue. Kisha tunapanda tena. Anasema mfupa haujengwi barabarani, unajengwa kitandani. Tena lazima tukimbie polepole kiasi cha kuweza kupiga soga njia nzima. Asiyeweza kuongea anaambiwa amekosa adabu kwa mapafu yake. Hadithi zangu zimekwisha, sasa nawasimulia za kwako. Ile ya mbuzi kwenye mzani ilitufikisha kilomita ya tisa.

Nakutakia yadi yenye misumari mingi barabarani,
Mpwa wako

15 Machi

Mpwa wangu msimuliaji,

Salamu tele. Mama yako amepewa dawa mpya ya mgongo, sasa analalamikia dawa. Kaka yako nimemfikishia maneno yako kama yalivyo na machache nikatia ya kwangu. Amenuna, hajaja siku mbili, nyumba ina hewa safi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye kushuka, nikakaa. Nikamwita utingo wangu wa zamani, huyu tunayeziba naye matairi, nikamsomea. Kumi na mbili, kumi na nne, kumi na sita, kumi na moja.

"Bosi," akasema, "hapo mtu amerudi nyuma."

"Amerudi," nikamwambia, "tena kwa amri."

Tangu lini, mpwa wangu? Nani aliona lori limefika salama, halafu likaambiwa kwa kuwa umefika salama, safari ijayo ishia njiani? Huyo mama namheshimu kwa kazi yake, na kazi yake ni kuzalisha. Mtoto akikwama mimi siji mlangoni kumwambia atie gia ya pili. Basi na yeye asiniambie habari za barabara. Ati mfupa unajengwa kitandani. Mimi nimelala vitanda vya nchi sita, ungekuwa unajengwa huko leo ningekuwa daraja.

Mwaka ule mkanda wa feni uliponikatikia kwenye tambarare isiyo na hata kichaka, nani alinipigia filimbi? Nilivua shati, nikakimbia kilomita thelathini na nane kwenda kununua mwingine, kwa viatu vya ngozi. Mashahidi ni madereva wawili. Mmoja ameshafariki, lakini alipokuwa hai aliamini sana.

Nimekuandikia mpango wangu nyuma ya kadi ya boksi la tairi. Umesema zamani kwamba Jumatano unaingia zamu ya mchana, basi asubuhi ya Jumatano ni yangu. Anza na kumi na nne. Kila wiki tia mbili. Hakuna kushuka, kushuka ni kwa abiria. Ikifika mwezi wa saba utakuwa umepita arobaini, na hilo jaribio lao la thelathini litakuwa kama kwenda bombani na ndoo tupu.

Mkunga usimwambie. Si kwamba namwogopa. Ni kwamba madereva wawili kwenye usukani mmoja ni ajali, kila mtu anajua hilo.

Wako asiyejua gia ya nyuma,
Dizeli

21 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Dereva wako alipita mara moja nikiwa kazini. Mimi sijambo. Jirani yangu wa chumba cha pili amenunua redio, kwa hiyo sote tumenunua redio.

Mpango wako nimeubandika ndani ya mlango wa kabati na ninautii. Jumatano iliyopita nilifika ishirini. Nilipita njia ya nyuma ya ghala, nikazunguka uwanja wa maonyesho, nikapanda barabara ya mahakama mara mbili, nikaoga, nikaingia zamu. Jumapili bado nakwenda kwa Mkunga, nisionekane nimeasi. Ananiuliza mbona Jumapili nakuwa mzito na nilikuwa mwepesi. Nimemwambia ni joto.

Msimamizi wetu wa mstari ndiye ananikera. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Wewe mama, nguvu unazimwaga barabarani, halafu hapa unaleta kope za usingizi." Nilikuwa nimeshona ovaroli kumi na nne zaidi ya anayenifuata. Nikamwambia akahesabu. Alihesabu mara mbili, akaondoka bila kuniomba radhi, akaenda kumgombeza mwingine.

Ngazi za hapa siku hizi nazishuka kinyumenyume. Lakini hilo ni jambo la ngazi.

Mpwa wako mtiifu

4 Mei

Mpwa wangu, fahari ya yadi,

Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Nimemwambia mtu wa kilomita ishirini hali, anatia mafuta.

Nimechora safu yako ya kilomita kwa chokaa kwenye ukuta wa yadi, na kila Jumatano naongeza mstari. Wateja wanauliza hiyo ni bei ya nini. Nawaambia hiyo ni damu yangu inapanda. Kwa hesabu zangu wiki iliyopita umefika ishirini na nne. Kaka yako alikuja kutia upepo, akautazama ukuta, na upepo nilimtia kidogo makusudi.

Huyo msimamizi niandikie sura yake ikoje. Nina dereva anayepakia mizigo hapo kiwandani, mtu mwenye kifua kama mlango wa ghala. Hatamfanya kitu, atasimama tu karibu naye.

Na hizo ngazi ni fundi gani alizijenga? Ngazi ishukwe kinyumenyume, katika jengo ambalo watu wanalipa kodi? Mwambie mwenye nyumba mjomba wako amekataa.

Usishuke. Nasema habari za kilomita.

Wako mwenye chokaa mkononi,
Dizeli

11 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Huku wazima. Nimekuandikia tarehe nne Mei. Dereva amepita kwako mara mbili, mlango umefungwa, barua akaisukuma chini yake. Mimi ni mtu mzima, nimesubiri mpakani siku kumi na moja kwa ajili ya muhuri mmoja, kusubiri najua. Lakini pale mpakani nilijua ninachokisubiri.

Ukutani nimeongeza mistari kwa kukisia, na mtu kama mimi hapendi kukisia. Kaka yako jana aliuliza, kwa sauti ya huruma, ile mbaya kuliko kicheko, "Mjomba, hajaacha?" Nikamfukuza. Sasa naandika nikiwa na hasira za watu wawili. Kama umeudhika na mimi, sema. Kama huyo Mkunga amekukataza kuniandikia, sema pia, nijue wa kumwandikia.

Hata neno moja litatosha.
Mjomba wako

2 Julai

Mpwa wangu,

Leo salamu fupi. Dereva amerudi. Amesema alikukuta, ulimfungulia mlango umeegemea ufagio, mguu wa kushoto umefungwa bandeji, ukamwambia, "Usimwambie mjomba." Ameniambia kabla hajazima injini.

Nikamtuma mara moja amuulize mlinzi wa lango la kiwanda. Mlinzi akasema yule mama mshonaji ameondolewa kwenye klabu. Hayumo hata kwenye jaribio la thelathini. Mkunga amemfuta mwenyewe.

Amekufuta. Binti amefika kilomita hizo zote, ameteleza kidogo, badala ya kupewa pole anafutwa kama chaki? Ndiyo malezi hayo? Na miaka yote ile ya kuzalisha, mama aliyechoka alikuwa anamwambia nini, rudi nyumbani na mimba yako?

Usinizuie, umechelewa. Nimeshamwandikia. Kurasa tatu, na kalamu ya utingo ikaishia humo. Nimemwambia kwamba yeye ndiye aliyekuharibu kwa kukupandisha na kukushusha kama ndoo ya kisimani. Nimemwambia kwamba nguvu zote ulizokuwa nazo zilitoka kwangu, kwa mpango wangu wa Jumatano, na nikamwandikia safu nzima kuanzia kumi na nne hadi arobaini, ili aone kazi ya mtu anayejua barabara ilivyo. Barua ameshapelekewa mkononi.

Nitakuja mwenyewe ikibidi.
Dizeli

10 Julai

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo sana. Jirani ananiletea maji juu, na nimemsamehe redio yake. Mpe mama salamu, umwambie ni mguu tu. Sasa kaa. Usisome hii ukiwa umesimama.

Nina ufa kwenye mfupa wa muundi. Umeonekana kwenye picha, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ulianza kuuma Aprili, ndiyo maana ya ngazi. Tarehe ishirini na saba Mei, siku ya Jumatano, kilomita ya ishirini na sita kati ya thelathini na mbili zako, nilisikia kama kijiti kimevunjika kwenye begi la mtu mwingine. Niliketi ukingoni mwa barabara ya mahakama. Halafu nikaenda zamu, kwa sababu nilikuwa na ovaroli.

Mimi sikukimbia mpango wako, mjomba. Nilikimbia mipango miwili. Jumapili yake na Jumatano yako. Ishirini kwake, halafu siku tatu baadaye thelathini kwako. Alipotushusha ili tupumzike, mimi sikushuka, maana wewe ulisema kushuka ni kwa abiria. Yeye sikumwambia habari zako. Wewe nilikwambia Jumapili nakwenda, ukafurahi kuhusu kilomita, ukapita. Ningemkatalia nani? Wewe mjomba wangu, yeye mkubwa wangu. Nikatii wote wawili.

Aliponiuliza zahanati nimefanya nini, nilisema sijui, nimejikwaa. Mjomba, yule mama alikaa wiki tano akijilaumu. Alichukua mpango wake akaupitia Jumapili moja moja akitafuta ni wapi amenivunja. Aliwaomba radhi wenzangu wote, akapunguza kilomita za klabu nzima kwa sababu yangu. Jaribioni aliniondoa kwa kuwa siwezi kutembea, si kwa kuniadhibu. Na jina langu la klabuni lilikuwa bado lipo.

Ndipo ikaja barua yako. Aliileta kwangu, akaisoma pale mlangoni, miwani puani, kurasa tatu. Alipomaliza akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Huyu wa Jumatano ni nani?" Ningejibu nini? Umejiandika mwenyewe, mpaka na mistari umemchorea. Akakunja barua, akasema, "Mwanangu, ungeniua kwa mawazo." Kisha ndipo aliponifuta. Kwa uongo, mjomba. Na ana haki.

Na hili nalo nitalisema kwa kuwa mguu umenipa muda wa kufikiri. Unamgombeza kaka kwa kuniita Nusu. Jina hilo nilipewa na nani? Nilikuwa na miaka sita, ulinituma dukani, mbwa akanitoa mbio nikarudi njiani, ukacheka, ukasema huyu ni nusu safari. Ukapanda lori lako ukaenda nchi zako sita. Mimi nikabaki nalo kwenye nyumba ile, siku hadi siku, mezani, darasani, harusini. Safari hii sikukata kitu katikati. Nilikimbia mara mbili ya wenzangu wote ili wewe usiaibike mbele ya meza.

Usije. Sitaki mtu leo.

Mpwa wako

1 Agosti

Mpwa wangu,

Wote wazima. Mama yako yuko salama, ila amejua, nami nimejua kwamba amejua, kwa sababu chai ananiwekea bila kuongea.

Barua yako nina majuma mawili nayo. Ya kwanza kukujibu ilikuwa ya kujitetea, kurasa mbili, nzuri kweli. Nilikuwa nimeandika kwamba ungesema. Kwamba mimi niliandika Jumatano, sikuandika Jumapili. Kwamba barabara ya mahakama ni ya lami mbovu. Utingo akaisoma, akasema, "Bosi, hii ni barua ya dereva aliyegonga." Nikaichana. Nimemnunia siku tatu, lakini niliichana.

Ya mkanda wa feni. Nilikimbia kilomita mbili, mpwa wangu. Labda mbili na nusu. Kisha akapita muuza mkaa na baiskeli, akanipakia kwenye magunia mpaka mjini. Thelathini na nane ni umbali alionyonga yeye, pedali kwa pedali. Miaka ishirini na tano naisimulia na yeye simtaji. Nilikupa mguu wa mtu mwingine uufuate. Mimi mwenyewe sijawahi kukimbia kilomita tatu bila kufukuzwa.

Jumapili nilisimama mezani. Nikawaambia hajaacha, mimi ndiye niliyemvunja, na jina lile ni langu, naliondoa. Kaka yako alitaka kucheka, akakuta mama yako anamtazama. Ukuta wa yadi nimeupaka upya. Ninamkasirikia sana yule mtu aliyechora ile mistari, na tabu ni kwamba nalala naye chumba kimoja.

Mkunga nimemwandikia pia. Nusu ukurasa, na salamu ndiyo sehemu kubwa. Sina la kukuagiza. Mguu ukipona, utakwenda unakotaka kwa kasi unayotaka.

Mjomba wako

14 Oktoba, Jumatano

Mjomba, shikamoo.

Mfupa umeunga. Nimerudi kukimbia, nane tu kwa Jumapili, dakika nne mbio na moja mwendo. Nimerudi na klabuni. Mkunga aliniweka benchi miezi miwili, akanipa filimbi ya pili, nikawa nawapigia wenzangu. Amenirudisha kwa sharti moja. Jumatano asubuhi niwe nimekaa kwenye kiti, nakuandikia wewe barua. Alisema, "Siku hiyo ni ya mjomba wako, haiwezekani kumnyang'anya. Ila ataipata umekaa." Na amesema barua yako ya pili ameitunza kuliko ile ya kwanza, ingawa ile ya kwanza ina vichekesho.

Mbio za Septemba nilizitazama kwenye meza ya maji, kilomita ya thelathini na tano. Unajua nani alipewa nafasi yangu? Mtunza stoo wa kiwanda, mwenzetu wa klabu. Kilomita ya ishirini na nane alipanda pikipiki, akashuka kona ya mwisho, akakimbia mita mia mbili na mikono juu, akavikwa medali. Aliivaa kazini siku tano. Nilikaa cherehani nikitazama mgongo wake, sindano ikapita kwenye kidole. Mkunga aliposikia akamvua mbele ya watu. Medali ile iko sasa kwenye droo ya zahanati pamoja na pamba.

Wewe sijakusamehe kabisa, lakini kwa sehemu kubwa. Mguu ulikuwa wangu. Ningeweza kusema hapana, kwako au kwake, ningetumia herufi sita tu. Sasa najifunza. Jana msimamizi aliniambia nibaki zamu ya pili. Nilimwambia hapana, akaenda.

Aprili nimo katika watano, Mkunga ameniwekea nafasi ile niliyoikosa.

Naandika nimekaa,
Mpwa wako

27 Januari

Mpwa wangu,

Mama yako mgongo, dawa, na dawa ya dawa. Anakwambia uvae kitu kichwani. Kaka yako karani amenunua viatu vya kukimbia. Amevitembeza mpaka dukani na kurudi, siku ya pili akaomba ruhusa kazini.

Wiki hii umeandika kwamba ulifika ishirini na nne, na Jumapili hii mnashuka hadi kumi na sita. Nimesoma. Sikusema kitu. Naandika hapa kwamba sikusema kitu, kwa sababu utingo alikuwa shahidi na mshipa wa shingo ulinisimama. Zimenikasirisha sana hizo kumi na sita, lakini ni zako.

Hilo tu. Pumzika.
Dizeli

20 Aprili, Jumatano

Mjomba, shikamoo. Shikamoo na mama, maana najua ameshakuja kusimama nyuma ya bega lako.

Niko kitandani, miguu juu ya mto, mizima yote miwili. Sikiliza nikuambie, kwa sababu bado nina hasira.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Tangazo lao, limebandikwa mji mzima, linasema mstari utafungwa saa sita mchana. Mpaka thelathini nilikwenda kama Mkunga alivyotaka, nikipiga soga na mwalimu mmoja mstaafu mwenye kofia. Thelathini na tatu soga ikaisha. Thelathini na sita nilitembea, na nilitembea nikijitukana, kisha nikaacha kujitukana, nikabaki natembea. Thelathini na nane nikaanza tena.

Kuingia arobaini nakuta wanaondoa vizuizi. Askari ananiambia, "Mama, panda kando, tunafungua barabara." Nikamuuliza saa ngapi. Akatazama saa mkononi, akavuta kizuizi kingine. Nikabaki katikati ya barabara. Wafagiaji walinipisha, yeye hakunipisha, nikamzunguka.

Nilivuka saa tano na dakika kumi na tisa. Nilivuka, mjomba. Lakini utepe walikuwa wameshausokota, vijana wanashusha bango, na mtunza saa amefunga daftari, anakunja meza.

"Mama, tumefunga," akasema.

"Tangazo lenu linasema saa sita."

"Wamebaki wachache tu."

"Mimi ndiye mchache. Fungua."

Mkunga alikuwa amesimama pale. Alitia filimbi mdomoni akaipiga, ndefu, mpaka vijana wa bango wakasimama ngazini. Mtunza saa akafungua daftari, akaniandika. Nilitazama kalamu mpaka ikamaliza.

Akataka kufunga tena. Nikamwambia nyuma yangu kuna watu saba, nimewaacha njiani na nimewahesabu, na yule mwalimu mwenye kofia ni wa mwisho. Akasema ana kazi nyingine. Basi nikakaa kwenye kiti chake. Sikukaa kwa ubishi tu, miguu ilikuwa imekwisha, lakini nilikaa, na viwiko nikaviweka juu ya meza yake ili isikunjwe. Aliniita mkaidi. Nikamwambia aandike na hilo.

Wakaja mmoja mmoja. Kila mmoja Mkunga alimpigia filimbi na mimi nikamwonyesha mtunza saa mstari wa kuandika. Mwalimu alifika saa sita kasoro dakika mbili, kofia mkononi. Wote saba waliandikwa. Mtunza saa aliwaandika akiwa amesimama.

Mpwa wako, anayewasalimu wote mezani